Upinde wa mita 24 wa Leonardo: je, ungerusha jiwe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala, naishi Tanga. Mwanangu karudi nyumbani na kitabu chenye michoro ya Leonardo da Vinci. Kuna upinde mkubwa kuliko nyumba, umelazwa juu ya magurudumu, na kuna mitambo ya kurusha mawe kwa mbao zilizopindwa kama springi. Nimeangalia kwa jicho la fundi, naona kama mambo mengine hayaingii akilini. Vitu hivi viliwahi kutengenezwa? Vingefanya kazi? Na kwa nini mtu ahangaike na kamba na mbao wakati mizinga ya baruti ilikwishakuwepo? Mtoto anataka tutengeneze kimoja kidogo kwa mradi wa shule.

JIBU: Marahaba, fundi. Jicho lako halijakudanganya, ila sidhani kama kinachokusumbua ndicho kilichokuwa kibovu zaidi. Wengi wakiuona mchoro ule husema tatizo ni ukubwa. Ukubwa ni tatizo, ndiyo, lakini si la kwanza. La kwanza ni kwamba springi imewekwa mahali pasipo pake. Nitakueleza nina maana gani, na nitakuomba uvumilivu kidogo maana itabidi turudi nyuma hadi kwa Wagiriki na Warumi.

Tuanze na mchoro wenyewe. Umo katika mkusanyo wa karatasi zake uitwao Codex Atlanticus, unaohifadhiwa kwenye maktaba ya Ambrosiana mjini Milan, na aliuchora katika miaka ya 1480 akiwa mtumishi wa Ludovico Sforza, mtawala wa mji huo. Mwenyewe ameandika vipimo. Upinde kutoka ncha hadi ncha ni braccia 42. Braccio ni mkono wa kupimia wa Firenze, sentimita 58 hivi, kwa hiyo unapata mita 24 na ushei. Jiwe la kurushwa ni ratili 100 za kwao, yaani kilo 30 na kitu. Kuna magurudumu sita, yameinamishwa kwa nje ili mtambo usiyumbe. Kamba inavutwa na parafujo kubwa ya mbao iliyolala katikati ya kitako. Na juu ya kitako kuna kijimtu kidogo, kama kisisimizi, kiko pale kufyatua. Pembeni kushoto amechora njia mbili za kuachia kamba: moja unagonga kwa nyundo ya mti, nyingine unatumia wenzo.

Sasa tazama mabawa ya upinde, maana hapo ndipo fundi mbao anapopaswa kusimama. Hayakutoka kwenye gogo moja. Yamepangwa kwa vipande vingi, tabaka juu ya tabaka, kisha yakafungwa kwa kamba. Leonardo alijua hakuna mti utakaotoa boriti ya namna hiyo isiyo na fundo wala ufa. Alijua pia kwamba ubao mnene ukiupinda, ngozi ya nje inavutika na ya ndani inabanwa mpaka unapasuka, lakini mbao nyembamba zikilazwa pamoja kila moja hupinda kwa raha yake. Ni wazo lilelile la springi za lori: majani kadhaa ya chuma yamebebana, si bonge moja. Kwa hiyo mchoro ule si wa mtu anayeota ndoto, ni wa mtu aliyefikiri sana juu ya mbao. Pamoja na hayo, hakuna ushahidi wowote kwamba upinde huo ulitengenezwa enzi zake.

Ungerusha? Ungerusha, lakini kwa unyonge mno ukilinganisha na mbao na watu uliotumia.

Ili uone kwa nini, tutenganishe kwanza njia za kurusha, kwa sababu watu huzichanganya. Manati ya watoto hurusha kwa mpira unaovutika. Upinde wa mwindaji hurusha kwa mti unaopindika. Ile manjaniki ambayo walioketi madrasa waliisikia katika kisa cha Nabii Ibrahim na moto ni jina la Kiarabu la mitambo ya kurushia mawe, na ile mikubwa ya karne za kati za mwisho ilirusha kwa uzito: boriti kama bembea ya ubao, upande mmoja kasha zito la mawe, upande wa pili kombeo. Kasha likishuka, kombeo linapaa. Njia ya nne ndiyo iliyowapa Wagiriki na Warumi sifa, nayo ni msokoto. Unachukua tita la kamba, unalikaza ndani ya fremu, unachomeka mkono wa mti katikati yake, unalisokota. Ukivuta mkono nyuma unalisokota zaidi. Ukiuachia, tita linajisokotoa na mkono unaruka.

Umewahi kuona msumeno wa fremu unaokazwa kwa kamba na kijiti katikati? Kile kijiti ukikiachia ghafla kinakupiga vidole. Huo ndio mtambo wa vita wa Kirumi, ila mdogo.

Katika mtambo wa msokoto mkono wa mti haupindi hata kidogo. Ni mgumu, mfupi, mwepesi. Nguvu yote imelala ndani ya tita la kamba, na tita lenyewe halisafiri popote, linageuka tu pale lilipo. Kwa hiyo karibu nguvu yote inakwenda kwenye mkono na jiwe. Katika upinde hali ni tofauti: bawa ndilo springi na bawa hilohilo ndilo linalopaswa kukimbia mbele. Upinde mdogo hauna shida, bawa ni jepesi. Lakini tengeneza bawa la mita 12, lenye uzito wa boriti kadhaa za paa, kisha ulitake liruke mbele kwa kasi ya mshale. Sehemu kubwa ya nguvu uliyoihifadhi italiwa na bawa lenyewe likijibeba, na jiwe litapata makombo. Juu ya hilo bawa linaelemewa na uzito wake, linalegea likikaa limevutwa muda mrefu, na vile vipande vyake vinasuguana.

Michoro mingine uliyoiona, ile ya mbao au vyuma vilivyopindwa kama jani na pipa lenye meno la kuvutia, inaumwa ugonjwa huohuo. Inapendeza sana. Ile meno na kizuizi chake, jinsi kamba inavyozungushwa kwenye pipa, ni kazi ya mtu anayeipenda mashine kama mama anavyompenda mwana. Lakini springi ni jani la mti. Na hata akiweka chuma, chuma cha karne ya 15 hakikuwa sawasawa kutoka ncha moja hadi nyingine. Walitengeneza pinde za chuma za kubebwa na askari mmoja, nazo zilikuwa kali, lakini kipande kirefu kama nyumba kisingeaminika. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: kwa uzito uleule, kano ya mnyama huhifadhi nguvu zaidi ya mara kumi ya chuma cha springi, hata hiki cha leo.

Kano, naam. Heron wa Aleksandria, aliyeandika kitabu kizima juu ya mitambo hii, anaelekeza kano za mabega au mgongo za mnyama yeyote isipokuwa nguruwe, na anasifu zile zinazofanya kazi sana mnyama akiwa hai, kama za miguu ya paa na shingo ya fahali. Akikosa hizo anakubali nywele za wanawake, kwa kuwa ni ndefu, nyembamba na zimelishwa mafuta. Hii si hadithi ya kuchekesha tu: Warumi walipouzingira mji wa Carthage, mwaka 149 hadi 146 K.K., wanawake wa mji walikata nywele zao zikasokotwa kuwa kamba za mitambo.

Na walikuwa na hesabu. Kila kipimo cha mtambo kilitokana na kipenyo cha tundu linalopitisha tita la kamba. Kwa mtambo wa mishale, chukua urefu wa mshale ugawe kwa 9, umepata tundu. Kwa mtambo wa mawe unatafuta kipeo cha tatu cha uzito wa jiwe: jiwe likiwa zito mara nane, tundu linakuwa pana mara mbili. Ukishapata tundu, mkono, kitako, fremu, vyote ni mara kadhaa ya tundu hilo. Fundi wa kijiji angeweza kuujenga bila kuuelewa, kama mshonaji anavyokata kanzu kwa kujua kipimo cha bega.

Tatizo la kamba unalijua bila kufundishwa. Wazee wa pwani walikiita kitanda cha kamba "teremka tukaze", kwa sababu kila baada ya muda lazima mlalaji ashuke kamba zikazwe upya. Mtambo wa msokoto ni teremka tukaze ya vitani. Unyevu unailegeza, matumizi yanailegeza. Ubaya zaidi ni kwamba una matita mawili, kushoto na kulia, na likilegea moja mshale unakwenda upande. Walilisawazisha vipi? Kwa sikio. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi aliyewahi kusimamia ukarabati wa mitambo hiyo, anasema mjenzi sharti ajue muziki: apige kamba za tundu hili na za tundu lile kwa mkono, na asiache kukaza mpaka zote zitoe sauti moja. Ni kama mpiga udi anavyokaza nyuzi kabla taarabu haijaanza. Kila nikifika ukurasa ule natabasamu.

Basi kwa nini Leonardo na wenzake hawakufuata hayo? Kwa sababu walipokea kitabu bila picha. Vitruvius alieleza mitambo katika kitabu chake cha kumi, lakini michoro yake ilipotea zamani. Kilichobaki ni maneno ya Kilatini yaliyonakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka elfu, na wanakili waliziboronga sana alama za tarakimu. Hebu fikiri umepewa orodha ya vipimo vya kabati, nusu ya namba zimekosewa, na majina ya vipande hujawahi kuyasikia. Poggio Bracciolini alipokipigia kelele kitabu hicho mwaka 1416 baada ya kukikuta katika monasteri ya St. Gallen, wasomi wa Italia walishangilia, lakini sehemu ya mitambo iliendelea kuwa fumbo. Maandishi ya Kigiriki ya Heron, ambayo yangewasaidia zaidi, yalichapishwa na Bernardino Baldi mwaka 1616 tu, karibu miaka mia moja baada ya Leonardo kufariki mwaka 1519.

Katikati ya fumbo hilo wabunifu walijaza mapengo kwa walichokijua. Walichokijua kilikuwa upinde, kwa hiyo waliposoma "mikono" waliona mabawa yanayopinda. Wengine walijaza kwa mapambo. Roberto Valturio wa Rimini alitunga kitabu cha mambo ya vita kwa ajili ya bwana wake Sigismondo Malatesta, kikachapishwa Verona mwaka 1472 kikiwa na picha za mitambo, mojawapo ikiwa mnara wa kivita wenye umbo la joka. Joka! Leonardo alikuwa na kitabu hicho. Usidhani kilichukuliwa kama mchezo: mwaka 1461 Malatesta alimtuma msanii Matteo de' Pasti kwa Sultani Mehmet II wa Istanbul, akiwa na nakala ya mkono ya kitabu hicho kama zawadi, na Waveneti wakamkamata njiani huko Krete. Kwao ilikuwa siri ya vita inakwenda kwa adui.

Hapo tunafika kwenye swali lako la mizinga, na hapa sitakubaliana na wanaosema hawa watu walikuwa wamepitwa na wakati. Leonardo aliijua mizinga vizuri sana. Katika barua aliyomwandikia Sforza kuomba kazi, mnamo 1482, anaahidi mizinga kabla ya kuigusa mitambo ya kale. Kisha anaongeza: pale ambapo mizinga haitafaa, nitakutengenezea manjaniki na mitambo mingine ya ajabu isiyo ya kawaida. Ni barua ya fundi anayetafuta mteja, anaorodhesha kila anachoweza. Michoro mikubwa yenye kivuli kizuri, kama ule wa upinde, ilimfaa pia mteja mwenyewe: mtawala alitaka kuonekana mrithi wa Warumi, na mtambo unaofanana na wa Kaisari ulimpa heshima ambayo bomba la shaba halikumpa. Hili ni maoni yangu, lakini ukiutazama ule mchoro na ukautazama mchoro wa kazi wa siku hizo, utaona ule ulichorwa uonyeshwe.

Tena mitambo ya kale haikufa siku moja. Mwaka 1480 Waturuki walipouzingira mji wa Rhodes kwa mizinga mikubwa, mashujaa wa Kikristo waliokuwa ndani walijenga mtambo wa uzito wakawarudishia mawe, ukawaumiza kwelikweli. Mwaka 1521, huko Mexico, Hernán Cortés alikuwa akiishiwa baruti akiuzingira mji wa Tenochtitlan. Askari mmoja aliyewahi kupigana Italia akajitolea kujenga mtambo wa kurusha mawe. Wakachonga siku kadhaa. Jiwe la kwanza likapaa juu wima, likarudi kuangukia palepale lilipotoka. Cortés akaamuru uvunjwe. Kujua kwamba kitu fulani kipo ni jambo moja, kukijenga bila fundi aliyefundishwa na fundi ni jambo jingine.

Lakini pesa ilikwenda wapi? Novemba 1494 shaba ambayo Leonardo alikusudia kuitumia kwa sanamu kubwa ya farasi ya familia ya Sforza ilipelekwa Ferrara kusubiwa mizinga. Mwaka huohuo mfalme Charles VIII wa Ufaransa aliingia Italia na mizinga ya shaba iliyokokotwa na farasi, inayorusha tufe za chuma, na kuta ndefu nyembamba za zamani hazikuwa na la kusema. Jibu la Waitaliano halikuwa mtambo mpya wa kurusha, lilikuwa ukuta mpya: mfupi, mnene, wenye pembe zilizochomoza ili kila upande ulindwe na mwingine. Ukitaka kuliona jibu hilo huna haja ya kupanda ndege. Panda basi kutoka Tanga, vuka Horohoro, nenda Mombasa. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, mji uleule alikofanya kazi Leonardo miaka mia moja kabla. Simama kwenye kona moja ya ngome uangalie mstari wa ukuta hadi kona ya pili. Utaelewa kwa dakika mbili kwa nini upinde wa braccia 42 ulibaki kwenye karatasi.

Msokoto wenyewe ulikuja kuthibitishwa baadaye sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 afisa mmoja wa mizinga wa Ujerumani, Erwin Schramm, aliisoma upya Heron na Vitruvius, akajenga mitambo kamili na kuionyesha kwenye ngome ya Kirumi ya Saalburg mwaka 1904. Mishale yake ilivuka mita 300. Kisha mwaka 1912, huko Ampurias nchini Hispania, ardhi ikatoa vyuma vya fremu ya mtambo halisi wa kale, na vikaonyesha kwamba hesabu za matundu hazikuwa porojo.

Sasa mradi wa mwanao. Shauri langu: msijenge upinde wa Leonardo. Jengeni mtambo wa msokoto wa mishale, mdogo. Mshale wa sentimita 27, kwa hiyo tundu la sentimita 3. Mikono iwe mara 7 ya tundu, yaani sentimita 21, kitako mara 19, sentimita 57. Fremu itengeneze kwa mninga au mti mwingine mgumu, na uangalie mwelekeo wa nyuzi za mti pale kwenye matundu, kwa kuwa hapo ndipo panapopasuka. Wazee waliweka bamba la chuma kuzunguka fremu, nawe weka. Juu ya kila tundu weka washa nene yenye kijichuma kinachokatiza tundu, kamba ipite juu yake, ili uweze kuizungusha na kukaza kwa spana.

Kamba, najua mtu wa Tanga atataka katani. Mimi nilitaka pia. Miaka kadhaa iliyopita, na wanafunzi wa shule moja ya sekondari, tulisokota katani safi, nyeupe, ya kupendeza. Mkono ulipovutwa robo tu kamba ikaanza kukatika uzi mmoja mmoja, tik, tik, tik, na tulipoachia mshale ulikwenda hatua nane. Katani haivutiki, ina nguvu lakini haina uhai. Usiku ikanyesha, asubuhi matita yamelegea kama soksi kuukuu. Tukaiondoa tukaweka kamba ya nailoni iliyosokotwa, ile ya wavuvi, na mshale wa kwanza ulipita juu ya ua wa shule ukatua kwenye bustani ya mchicha ya jirani. Aliyekuja kuurudisha hakuwa anacheka.

Kwa hiyo nailoni, na ncha ya mshale iwe sponji, na asisimame mtu mbele hata kama mtambo "haujakazwa". Kamwe msifyatue bila mshale: nguvu yote itarudi kwenye mikono na itavunjika. Kazeni kidogo kushoto, kidogo kulia, kwa zamu. Kila mkikaza, mwambie mtoto agonge tita moja kwa kidole, kisha la pili, asikilize. Zikitofautiana, spana irudi kazini. Zikilia sawa, wekeni mshale.